Mwaka Niliosimama Mlangoni Kuonja

Kahindo hakuuliza kama nina nafasi. Alisema tu kwenye simu, "Mbambu, Mama anasema ukuje Jumapili. Afande Meza iko nakuja kutoka Kampala, na Mama amesha kununua samaki." Nilikuwa barazani kwangu Bulembia, ungo wa mchele mapajani, na kwa kitambo nikasahau kuchambua. Afande Meza. Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa zaidi ya miaka ishirini, na lilinichekesha hata kabla sijakumbuka sababu. Habari za ukoo wangu hazina kazi hapa. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa Bwera, mpakani na Kongo, katika chumba cha nyuma cha mkahawa wa Mama Kahindo, nikiwa msichana wa maneno mengi niliyeajiriwa kuwauliza watu wanavyomeza. Leo mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni koo za watu. Wakiniuliza nilisomea wapi, huwatajia chuo, kwa kuwa ndicho kilichonipa cheti. Sisemi kwamba kusikiliza nilijifunzia chumbani, kitandani, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao na upande wa pili ulikuwa jiko.

Afande Meza hakuwa askari. Alikuwa daktari wa magonjwa ya tumbo, Mganda mrefu mwenye miwani iliyoshikizwa kwa uzi, na alikuja kwetu kufanya utafiti wa kiungulia. Alitaka kujua kwa nini watu wengi wa pande za mpakani walifika hospitalini wameshika kifua, wakisema wana alsa, yaani vidonda vya tumbo, wakapewa dawa za kupunguza asidi mwaka hadi mwaka bila kupata nafuu. Shida ni kwamba Kiswahili chake alikiokota kambini, alipokuwa kijana akiwatibu wanajeshi, kwa hiyo cha kuomba hakukijua. Alijua cha kuamuru. Mgonjwa alikalishwa kwenye kiti katika chumba tulichoazimwa hospitalini, akapewa glasi ya maji, daktari akamwekea stetoskopu kwenye chembe cha moyo, kisha akasema, "Wewe. Meza." Mzee mmoja aliyeshuka kutoka milimani alimeza, akasimama wima, akapiga saluti. Siku ile ile jina likazaliwa, na kufikia jioni soko zima lilikuwa nalo.

Kipimo chenyewe kilikuwa chepesi, nacho nakipenda hadi leo. Maji yakimezwa, mwenye kusikiliza chini ya kidari husikia mlio mdogo yanapoingia tumboni, sekunde chache baada ya kumezwa. Yakichelewa, kuna jambo njiani. Daktari alisikiliza, na huku akisikiliza alimuuliza mgonjwa, "Imefika?" Mgonjwa akajibu imefika au bado, na daktari akalinganisha jibu na alichokisikia. Kazi yangu ilikuwa kuzigeuza amri zake kuwa maneno ya watu. Yeye akisema "Meza", mimi nilisema, "Baba, daktari anakusalimu, anakuomba unywe kidogo tu, usiwe na wasiwasi, hakuna sindano." Siku moja alinigeukia. "Mimi nasema neno moja, wewe nasema kumi. Hiyo ingine ni nini?" Nikamwambia ni salamu. Akafikiri kidogo, akasema, "Sawa. Ongeza." Baada ya muda akaninunulia stetoskopu yangu mwenyewe, na nilitembea nayo shingoni hata nikienda kununua nyanya.

Mchana tulikula kwa Mama Kahindo, na mimi nililala pale pale. Alikuwa mama wa makamo kutoka Butembo, Mkatoliki wa kusali rozari huku akichochea kuni, na mkahawa wake ulisimama karibu na njia ya kwenda darajani. Siku za soko walikaa pamoja benchi moja wauza mbao wa ng'ambo, wapagazi wa magunia ya kahawa, wakulima wetu wa Kikonzo na wauza vitenge. Chumba cha kulia kilikuwa na meza nne, picha ya Bikira Maria, na pazia la shanga lililotenganisha jiko. Chakula kilikuwa bundu, ule ugali wa muhogo unaovutika, pamoja na sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa kwa mawese, au samaki wa Katwe. Nilinenepa mwaka ule, wala sijutii. Lakini kabla ya mtu yeyote kupakuliwa, Mama alikuwa na jambo lake. Pande zile watu wanaogopa sana kutiliwa sumu chakulani. Anayekukaribisha kinywaji hukinywa yeye kwanza. Mama aliufanya huo kuwa mtindo wa nyumba. Kila mchana alisimama mlangoni na sahani, akamega tonge, akalichovya, akalimeza mbele ya wote, kisha akasema, "Kuja kula, batoto." Hapo ndipo mikono ilinawishwa. Nilimwona akifanya hivyo tangu nilipohamia, na alipendeza kumtazama.

Halafu, kidogo kidogo, akaacha. Mara alisema anafunga kwa nia ya Kahindo, aliyekuwa akisubiri majibu ya mtihani. Mara sahani ilitoka jikoni yeye yuko nyuma. Mara alionja, lakini akageuka upesi na kupita pazia, na mimi kupitia ukuta wangu nikasikia anakohoa uani. Asubuhi nilimkuta amelala ameketi, mgongo kwenye magunia ya unga. Nikamuuliza, akasema mwenye kusali halali chali. Kanga yake ilikuwa inamzunguka mara moja na nusu zaidi ya zamani. Alipolalamika kifua, Afande Meza mwenyewe, kijiko mkononi, alimpa vidonge vya asidi kutoka mfuko wa koti, akaendelea kula. Vilimsaidia kama maji yanavyomlowesha bata.

Ukuta wa mbao unasikiliza pande zote. Siku moja ya soko nilikuwa chumbani nikipanga karatasi, na nyuma ya ukuta wa pili, uliopakana na chumba cha kulia, benchi la karibu nami lilikuwa la wapagazi. "Huyu mama siku hizi haonji," mmoja alisema. Mwingine akajibu, "Mimi naona anaweka kwa mudomo, anaenda nyuma kutema." Wa kwanza akasema taratibu, "Labda anajua nini iko ndani." Wiki iliyotangulia mwuza mbao mmoja alikula pale akaharisha njia nzima hadi Beni, na habari yake ilikuwa imerudi kabla yake. Nilijua maneno kama yale yanavyofanya kazi kwetu; hayapigi kelele, yanahamisha tu watu kutoka benchi moja kwenda mkahawa mwingine. Mwezi ule sufuria zilianza kurudi na chakula. Mama alikuwa na jina lake, jiko lake na binti wa kusomesha, na vyote vitatu vilikaa juu ya lile tonge la mlangoni.

Pasaka ikafika. Afande Meza hakwenda kwao, akasema Kampala kuna kelele, na Mama akatualika sisi wawili na Kahindo mezani kwake, mkahawa umefungwa. Palikuwa na kuku, sombe, na wali wa Mubuku kwa heshima ya mgeni. Lakini mgeni alitaka bundu. Akamega, akachovya, akaanza kutafuna, na akatafuna, taya zikienda huku na huku, jasho likimtoka. Kahindo alifunika uso kwa kiganja. "Dokta," Mama alisema, "bugali haitafunwe. Inamezwa. Inateremuka yenyewe." Daktari aliacha kutafuna. Naiona sura yake hadi leo. Alitoa karatasi yetu ya maswali kutoka mfukoni, ile niliyokuwa nikiwasomea watu kila siku, iliyouliza kama chakula kilichotafunwa vizuri kinakwama. "Hii watu wote wanasema hapana," alisema, "kwa sababu hakuna anatafuna." Nikacheka, naye akacheka, tukijua kwamba kazi ya miezi mitatu imekwenda na maji. Kisha akamsogezea Mama sahani. "Nionyeshe. Meza."

Mama akasema, "Miye niko nafunga, Dokta."

Daktari alikuwa Mkatoliki pia. Akamtazama juu ya miwani. "Leo Pasaka," akasema. "Hata padiri leo nakula." Mama akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na chakula, hadi Kahindo akamshika mkono. Ndipo akakaa, akasema yote, polepole, akitazama kitambaa cha meza. "Inasimama hapa," alisema, akigusa kidari. "Nakunywa maji, nanyoosha mikono juu, inashuka kidogo. Kama sivyo, inarudi. Ni sumu, Dokta. Mutu moja alinitegea. Na kama mupishi mwenyewe alikula sumu, nani atakuja kukula kwake?" Alikuwa akiishi kwa uji mwembamba na chai tangu Krismasi, akiwapikia watu hamsini kwa siku. Nilikuwa nikiishi naye ukuta kwa ukuta.

Daktari hakumwamuru. Alinyoosha mkono kwangu, nikadhani anataka karatasi, kumbe alikuwa akinielekeza kwenye stetoskopu yangu. "Wewe sikiliza," akaniambia. "Mwambie na salamu zote." Nikapiga magoti mbele ya Mama, nikaiweka kwenye chembe cha moyo, nikamwambia, "Mama, kunywa kidogo, tuko nyumbani." Akameza. Nilisikia moyo wake, nikasikia kuni zikipasuka jikoni, nikasikia Kahindo akipumua. Maji sikuyasikia. "Imefika?" daktari akauliza, na Mama na mimi tukajibu pamoja, "Bado." Tulingoja mpaka goti langu likaanza kuuma. Afande Meza akavua miwani, akajishika paji la uso. "Na mimi nilimpa dawa ya asidi," akasema kwa Kiingereza, nafikiri ili Mama asielewe.

Haikuwa sumu. Wiki ileile tulimpeleka Kasese kupigwa picha, akanyweshwa dawa nyeupe kama chokaa, na picha ikaonyesha umio uliotanuka juu na kuchongoka chini kama karoti. Daktari alimwonyesha, akamweleza kupitia kwangu. Pale chakula kinapoingia tumboni pana msuli unaofanya kazi ya mlango. Mwenye kiungulia mlango wake umelegea, asidi inapanda. Wa Mama ulikuwa umekaza, haukubali kufunguka, na chakula kilikaa mlangoni kikachacha. Ndiyo maana alisikia uchungu, naye daktari akadhani ni asidi. Kuna dawa yake, alisema: wanaingiza kipira kilicho kwenye ncha ya mrija mwembamba kupitia mdomoni, wanakijaza hewa pale pale kwenye mlango, msuli unalegea. Yuko mwenzake Kampala anayeifanya. Mara chache umio unaweza kuchanika, na hilo pia alimweleza, hakumficha. Mama aliikodolea picha. "Kwa hivi hakuna mutu alinitegea?" aliuliza. Nikamwambia hakuna. Akalia hapo kwenye korido, kilio cha kupumzika, na mimi nikalia naye bila kuombwa.

Lakini kwenda Kampala hakutaka. "Nikifunga mulango, batasema nimekimbia," alisema. "Nikirudi nimekonda hivi, batasema ile sumu ilinirudia." Tulibishana naye siku nzima. Mwisho alitoa sharti moja: mkahawa usifungwe hata mchana mmoja, Kahindo apike, na mimi nisimame mlangoni nionje. Sio Kahindo, kwa sababu mtoto anaweza kufundishwa. Mimi nilikuwa wa hospitali, nilikuwa Mkonzo, na nilijulikana kwa kupenda chakula. Afande Meza akampigia mwenzake simu, na asubuhi yake Mama akapanda basi, rozari mkononi, bila kuaga mtu wa soko.

Basi nikawa mwonjaji. Tusidanganyane, siku ya kwanza niliogopa. Nilijua vizuri kwamba hakuna sumu, nilikuwa nimechochea sufuria ile mwenyewe, lakini macho ya watu ishirini yakikutazama koo, koo linasahau kazi yake. Nilimeza, nikasema, "Karibuni kula," na sauti ikatoka nyembamba. Watu wachache wakanawa. Siku ya pili walipungua. Siku ya soko walijaa nusu, wengi wao kwa udadisi, na wauza mbao walikaa karibu na mlango kama watu wanaotaka njia ya kutokea. Nikataka kuwaonyesha. Nikamega tonge la kiburi, kubwa kuliko langu la kawaida, nikalichovya kwenye sombe, na likapita njia siyo. Nilikohoa hadi nikainama, machozi yakanitoka, sahani ikapinduka nusu. Benchi zikaburuzwa sakafuni. Mama mmoja muuza vitenge akambeba mtoto wake. "Basi," mtu alisema, kwa utulivu kabisa, na nikajua kwamba mkahawa wa Mama Kahindo unafungwa pale, mikononi mwangu, yeye akiwa kitandani Kampala.

"Hapana toka," ilisema sauti ya pembeni. "Kaa chini. Yote." Watu wakakaa. Wengi wao walikwisha kalia kile kiti cha hospitali, na miguu ilitii kabla ya kichwa. Afande Meza alisimama kutoka meza yake, akanipiga mgongoni mpaka nikapumua, kisha akamega tonge kutoka sahani ileile yangu. Akalichovya. Akalitia mdomoni, na nikaona taya zake zikitaka kutafuna na yeye akizikataza. Akameza. Macho yakamtoka, mshipa wa shingo ukasimama, akabaki wima na kiganja kwenye chembe cha moyo. Kisha kutoka benchi la nyuma mpagazi mmoja, yuleyule wa maneno ya ukutani, akauliza kwa sauti nzito ya kiofisa:

"Afande. Imefika?"

Daktari akangoja kidogo, kama ilivyo haki. "Imefika," akasema.

Waliocheka kwanza ni wauza mbao. Halafu wote, hata yule mama wa vitenge, na mtoto wake akarudishwa benchini. Wakanawa. Walikula mpaka Kahindo akalazimika kusonga bundu mara ya pili, na kila aliyemaliza tonge la kwanza alijishika kifua na kutangaza kwamba limefika. Mzaha ule ulidumu. Hata wiki zilizofuata, nikisimama mlangoni, walikuwa wakiniuliza wote kwa pamoja, nami nikawajibu, na sumu haikutajwa tena, angalau si upande wangu wa ukuta.

Mama alirudi akiwa ameanza kujaza mashavu. Akashuka basini, akaingia moja kwa moja, akaninyang'anya sahani mchana ule ule. Ila Afande Meza hakuwepo. Utafiti wa Bwera ulikuwa umekwisha siku chache kabla, gari lilikuja kumchukua, na akaondoka na karatasi mpya za maswali, zile tulizoandika upya sisi wawili, ambazo hazikuuliza habari ya kutafuna. Aliniacha na stetoskopu na barua ya kuniombea nafasi ya masomo. Nilimpigia simu kumwambia Mama amemeza. "Bundu?" akauliza. Bundu, nikasema. "Mimi nilitaka kuona," akasema. Kisha maisha yakatuchukua kila mtu na njia yake. Mama alikwenda Kampala tena mara kadhaa, kwa sababu mlango ule hukaza tena baada ya miaka, lakini sasa alikwenda akiaga soko zima, na alirudi na zawadi.

Jumapili nilifika mapema. Mkahawa ni wa saruji sasa, una vigae na feni, na Kahindo ndiye bosi. Pazia la shanga lakini liko vilevile. Chumba changu kimekuwa stoo. Niliingia kidogo nikagusa mbao, zimebaki, na upande wa pili nikasikia Mama akimgombeza binti yake kwamba samaki hawageuzwi hivyo. Nilijisikia vizuri kiasi cha kucheka peke yangu. Afande Meza aliletwa na mwanawe, ana fimbo, masikio yamepungua nguvu, na miwani bado ina uzi. Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe umenona," akasema. Nikamwambia hiyo ni salamu.

Tulikuwa watano tu mezani, hapakuwa na mgeni wa kumtoa hofu. Hata hivyo Mama alibeba sahani, akaenda mpaka mlangoni, akasimama pale alipokuwa akisimama, mfupi zaidi, kitambaa cheupe kichwani. Akamega. Akachovya. Nikamwona daktari akiinua mkono kwenye shingo yake, pale stetoskopu ilipokuwa ikining'inia, akakuta tai, akaushusha. Mama akameza. Hakunywa maji, hakunyoosha mikono. Alimtazama yeye peke yake, akangoja, kisha akajigonga kidari kwa vidole viwili na kupaza sauti ili masikio yale ya zamani yasikie.

"Dokta. Imefika."

Afande Meza alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha meza, akaivaa. Kisha akatuamuru, kwa Kiswahili chake kilekile cha kambini, tukae chini yote na tukule, nasi tukatii.